Mitego ya nzi nje ya nyumba: nitaiwekaje bila kudhuru kuku, mbwa, paka na ndege?

MamaVifaranga

Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoijua vizuri mitego ya nzi ya nje.

Mahali ni Kibaha, kiwanja cha mita 20 kwa 30. Kuna kuku chotara 60 wanaofunguliwa saa kumi jioni, mbwa mmoja mkubwa anayelala nje, na paka wawili. Nyuma kabisa kuna mwembe, shimo la taka na lundo la samadi. Tangu maembe yaanze kudondoka nzi wamezidi, unakula kwa mkono mmoja na wa pili unapunga. Ndege nao hawakosekani: chozi na shomoro wako uani kutwa, mbayuwayu wana kiota barazani.

Duka la pembejeo nimeuziwa vitu viwili, vyote bado sijavifungua. Cha kwanza ni rola ya gundi ya njano, upana sentimita 30, ya kuzungushia banda kwa nje. Cha pili ni pakiti ya chengachenga za buluu za kunyunyiza chini, na nyuma imeandikwa kiambato ni metomili. Muuzaji kasema ni sukari tu yenye dawa kidogo.

Je, gundi nje ina shida kwa ndege? Chengachenga niziweke wapi kuku wasizifikie? Na kama kuna mtego wa kutengeneza mwenyewe, naomba vipimo kamili, si "weka kiasi". Halafu mbwa ncha za masikio zimetoka vidonda, nzi wanamng'ang'ania hapo. Mtego huo huo utamsaidia?

---

FundiChupa

Mama Vifaranga, nianze na mtego maana hilo lina jibu fupi: chupa ya maji ya lita 1.5 yenye chambo cha samaki, ndani ya kizimba cha waya. Hakuna gundi, hakuna sumu. Nzi anaingia kwa harufu, anashindwa kutoka, anazama.

Kata chupa sentimita 10 kutoka mdomoni, pale mabega yanapoishia. Toa kifuniko, geuza kile kipande cha juu kiwe faneli, kiingize ndani ya chupa mdomo ukiangalia chini. Toboa matundu matatu kwa msumari wa moto ukingoni, pitisha waya mwembamba kushikiza vipande viwili. Tundu la mdomo wa chupa lina kama sentimita 2. Nzi anapita bila shida, ila akitaka kutoka anapanda kuelekea kwenye mwanga na kugonga plastiki pembeni, hashuki kutafuta tundu katikati. Ndiyo siri yote ya mtego huu. Kwa hiyo chupa iwe angavu. Ukiipaka rangi au ukitumia chupa nyeusi umeuharibu.

Chambo: maji mililita 350, dagaa wakavu waliopondwa gramu 50 (au matumbo ya samaki kiasi hichohicho), hamira kijiko kimoja cha chai. Funika kwa kitambaa, acha siku mbili ichachuke kivulini mahali mbwa hafiki. Siku ya kutundika ndipo unaongeza matone manne ya sabuni ya vyombo. Sabuni inavunja ule utando wa juu ya maji. Bila sabuni nzi anatua juu ya maji kama yuko sakafuni, anapumzika, anaruka tena. Maji hayo yatafika kama sentimita 6 kutoka chini, na ncha ya faneli ibaki sentimita 4 juu yake. Ukijaza hadi karibu na faneli, nzi wanatoka.

Sukari, asali, soda na matunda usitie. Vitu vitamu vinaita nyuki, na nyuki hana kosa. Samaki aliyeoza nyuki hamtaki.

Sasa kizimba, ambacho watu wengi hukiruka. Nunua wavu wa chuma wa nusu inchi, si ule wa kuku wa inchi moja. Kwenye wavu wa inchi moja ndege wadogo kama tongo wanajipenyeza, na kuku anaingiza kichwa. Kata kipande cha sentimita 68 kwa 40, kikunje kiwe silinda ya kipenyo cha sentimita 20, mwisho upishane sentimita 5, funga kwa waya. Kata duara mbili za kipenyo hicho, moja chini moja juu. Ya juu iwe na bawaba ya waya ili ufungue. Ncha za waya zilizokatwa zikunje ziingie ndani, maana zikibaki nje zinachana ndege anayetua na mkono wako pia. Chupa ikisimama katikati, inabaki nafasi ya sentimita 5 na kitu kila upande, mdomo wa kunguru hautoboi plastiki kirahisi. Juu ya kizimba weka kifuniko cha ndoo cha lita 20 kuzuia mvua.

Usifunike kwa wavu wa kuvulia samaki uliochakaa hata kama upo bure. Nyuzi zake zinalegea, ndege ananasa mguu, nyoka ananasa kichwa. Hata kamba ya kutundikia iwe waya mgumu wa kufungia nondo, si mshipi wa kuvulia.

Urefu: kitako cha kizimba kiwe mita 2 kutoka chini. Nzi wa nyumbani wanapenda chini zaidi ya hapo, ukiutundika mita 1 utakamata wengi zaidi, lakini mbwa mkubwa akisimama kwa miguu ya nyuma anafika mbali, na harufu ya samaki aliyeoza kwake ni pilau. Usitundike kwenye tawi la mwembe. Paka atapanda na kuku watalala juu yake. Chimbia bomba la chuma, weka mkono wa sentimita 50 unaotoka pembeni, tundika hapo. Paka hapandi bomba laini.

---

Kijana_wa_Pwani

Fundi umesema vyema ila kazi ndefu. Mimi naona achukue zile chenga za buluu, aweke vijiko viwili kwenye kisosi, afunike na tenga lililogeuzwa na jiwe juu. Kuku hafiki. Siku mbili nzi kwisha. Sumu ipo kwa ajili hiyo.

---

DktMifugo_Moro

Kijana, hapana, na naomba wasomaji wengine wasifanye hivyo.

Metomili ni kundi la kabameti. Inazuia kimeng'enya kinachozima mawasiliano ya neva, kwa hiyo misuli na tezi zinabaki zimewashwa. Inamuua nzi kwa njia hiyo na inamuua mbwa kwa njia hiyohiyo, tofauti ni kipimo. Tatizo la chenga ni kwamba zimetengenezwa kwa sukari ili ziliwe. Mbwa anaionja kama peremende. Kuku, njiwa na shomoro hawahitaji hata utamu: wao huokota changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, na chenga ya buluu ina ukubwa uleule.

Tenga halizuii. Mbwa analigeuza kwa pua. Mvua ikinyesha chenga zinayeyuka na kutiririka nje ya kisosi. Chungu wanabeba. Na nzi aliyelamba hafi pale pale kwenye kisosi. Anaruka, anaanguka mita kadhaa mbele, kuku anamwokota. Nzi mmoja au wawili si hoja, lakini kuku 60 wakifunguliwa saa kumi mahali nzi wameanguka kutwa, hiyo ni habari nyingine.

Dalili zinakuja haraka, dakika hadi saa chache: mate mengi, machozi, kujikojolea, kuhara, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo kama kichwa cha pini, misuli kuchezacheza, kisha pumzi kuwa nzito. DDVP nayo, ile dawa ya maji inayouzwa kwenye vichupa, ni ya kundi jingine lakini dalili ni hizohizo. Mnyama akiwa hivyo, usimtapishe, hasa kama anatetemeka, maana matapishi yataingia kwenye mapafu. Maziwa hayaondoi sumu hii, na mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa hospitali. Kama dawa imemwagika kwenye manyoya, vaa glavu, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Mkimbize kwa daktari wa mifugo ukiwa na pakiti mkononi. Kwa kundi hili kuna dawa ya kupinga, atropini, na daktari akilisoma jina la kiambato hapotezi muda kubahatisha.

Kuhusu kununua: dawa ya wadudu Tanzania iwe na namba ya usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwenye lebo, Kenya ni PCPB (bodi ya bidhaa za kudhibiti wadudu). Angalia pia ule mkanda wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote, ikifuatiwa na njano, buluu, kisha kijani. Rangi ya chenga zenyewe haihusiani na mkanda huo, watu huchanganya hapo. Na kama ulipimiwa kwenye mfuko usio na lebo, usiutumie kabisa kwenye nyumba yenye wanyama.

Kwa kifupi, pakiti irudishe dukani ikiwa haijafunguliwa. Usiizike wala usiimwage chooni.

---

ChoziMweusi

Naja kwenye gundi, maana hapo ndipo ndege wengi wanapoumia na mwenye nyumba hata hajui.

Gundi ya njano ya sentimita 30 ikizungushwa nje ya banda ni ukuta wa chakula. Ndege hafuati gundi, anafuata wadudu waliokwisha kunasa wakipapatika. Chozi anaruka akiwa amesimama hewani mbele ya buibui au mdudu mdogo, bawa likigusa tu, basi. Mbayuwayu wanapita chini ya paa kwa kasi wakifuata nzi walewale. Mlamba, shore, popo jioni, mjusi kafiri usiku. Mjusi akinasa, paka anakuja kumfuata mjusi, na paka naye anaondoka na gundi kwenye manyoya. Ubaya mwingine, nje gundi inashika vumbi. Baada ya wiki moja ya kiangazi haikamati nzi vizuri tena lakini bado inashika unyoya.

Kwa hiyo gundi nje, hapana. Ikiwa lazima uitumie, iwe ndani ya banda lenye wavu ambako ndege wa nje hawaingii, na iwe juu darini, maana nzi usiku hupanda kulala kwenye kenchi, nyaya na kona za paa. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 30, kila kimoja kwenye kizimba cha wavu wa nusu inchi kama alichoeleza Fundi, gundi iwe sentimita 5 kutoka kwenye wavu. Kuku wanaoruka kwenda kulalia juu wasiguse. Ukiona mjusi mdogo anapenya hata kwenye nusu inchi (anapenya), ondoa gundi mahali hapo, tumia chupa.

Ndege akiwa amenasa tayari, usimvute. Manyoya ya bawa yakichomoka hawezi kuruka hadi yaote, na ngozi ya chozi ni nyembamba kama karatasi ya sigara. Fanya hivi:

Kwanza mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi, giza linamtuliza. Kisha funika gundi yote iliyo wazi kumzunguka kwa tishu au unga wa ngano, ili akipapatika asinase zaidi. Kata karatasi kwa mkasi umzunguke, mwache na kipande kidogo tu. Kama kuna daktari wa mifugo karibu, mtie ndani ya boksi lenye matundu, kitambaa chini, upeleke hivyohivyo.

Kama hakuna, chukua mafuta ya kula, alizeti inatosha, na vijiti vya pamba. Dondosha tone moja moja pale gundi inapokutana na unyoya, subiri dakika tano, zungusha kijiti kuelekea ncha ya unyoya, si kuelekea mwilini. Rudia. Puani, mdomoni na machoni mafuta yasifike. Petroli, mafuta ya taa na spiriti ni marufuku kabisa. Vinaunguza ngozi na mvuke wake unamlevya. Gundi ikitoka, mafuta nayo lazima yatoke, maana unyoya wenye mafuta hauhifadhi joto wala hauzuii maji. Maji ya uvuguvugu, digrii 38 hadi 40, sabuni ya vyombo kidogo sana, suuza mpaka maji yawe safi. Mweke kwenye boksi mahali pa joto, kimya, paka mbali. Usimlazimishe maji mdomoni, yanaingia kwenye mapafu. Chozi wengi hawazidi gramu 15 na wanapoa upesi, kwa hiyo kumkausha ni haraka kuliko yote. Mwachie mchana tu, manyoya yakiwa makavu na akiwa anashika kijiti kwa miguu yote miwili.

Nyongeza kwa Fundi: ndoo wazi ya maji ya sabuni yenye chambo, ambayo wengine huiweka uani, ni mtego wa ndege kuliko wa nzi. Kiangazi ndege wanatafuta maji kila mahali. Weka beseni la maji safi, kina kisizidi sentimita 3, angalau mita 10 kutoka kwenye mtego, ubadilishe maji kila siku mbili mbu wasizaliane.

---

MamaVifaranga

Asanteni sana, gundi na chenga vinarudi dukani kesho. Nina maswali matatu zaidi. Harufu ya chupa haitaingia ndani na kwa jirani? Ule mtego ukijaa, nzi na funza waliomo naweza kuwapa kuku, si ni protini? Na mbwa bado hamjamgusa.

---

FundiChupa

Harufu itakuwepo, hilo tusidanganyane. Mtego huu hautundikwi karibu na mlango, dirisha au jiko. Watu hununua ya kiwandani, ile ya mfuko wenye kifuniko cha njano, wanaitundika barazani halafu wanalalamika imeleta nzi. Imeleta, ndiyo kazi yake. Uwe mita 10 au zaidi kutoka nyumbani, karibu na shimo la taka.

Angalia upepo. Nzi anaifuata harufu akielekea upepo unakotoka. Mtego ukiwa upande wa juu wa upepo, harufu inapita nyumbani kwako na nzi wanapanda nayo wakipitia mezani. Uwe upande wa chini. Kwa ukanda wetu wakati wa kaskazi, miezi hii ya maembe, upepo unatoka kaskazini mashariki, basi bomba lako likae kona ya kusini magharibi. Kusi ikianza, lihamishie kaskazini magharibi. Kona hiyo ikiangukia dirisha la jirani, punguza chambo nusu na usogee kati. Bora nzi wachache kuliko ugomvi.

Kwa kiwanja chako chupa mbili zinatosha kuanzia. Jua la asubuhi ni zuri, la mchana linakausha. Kila siku ya pili au ya tatu ongeza maji kama mililita 100 kupitia faneli. Hapa ndipo mitego mingi inapoharibika: nzi waliokufa wanarundikana juu ya maji, wapya wanatua juu ya lundo na kutaga. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja. Sasa una kiwanda cha funza kilichotundikwa juu ya kuku. Lundo likizidi sentimita 2 juu ya maji, mtego umekwisha, badilisha. Hata usipojaa, wiki mbili inatosha.

Kutupa: mimina maji ya moto yenye sabuni kwanza, subiri walio hai wafe. Vaa glavu. Chimba shimo sentimita 60, mbali na kisima, mwaga, fukia, weka jiwe au tofali juu. Sentimita 30 mbwa anafukua usiku huohuo.

---

DktMifugo_Moro

Kuwapa kuku: usiwape, hata mmoja.

Chupa hiyo ni nyama iliyooza kwenye maji bila hewa, siku kumi na zaidi, kwenye joto la Kibaha. Ni mazingira yanayopendwa na bakteria wa botulizimu. Sumu yao haimuui funza, inajikusanya ndani yake tu. Kuku akila, ndani ya saa au siku chache miguu inalegea, mabawa yanashuka, shingo inalala chini kabisa, macho nusu yamefumba, na manyoya yanachomoka ukiyagusa. Wafugaji hudhani ni mdondo. Hapa hakuna homa, ni ulegevu unaopanda kutoka miguuni kwenda shingoni. Mbwa pia anaweza kupata akinywa maji hayo. Ndiyo maana mtego usiodondoka ni muhimu hata kama "hauna sumu". Yale maneno kwenye mfuko wa kiwandani yanamaanisha hakuna kiuatilifu ndani, hayamaanishi maji yake yananyweka.

Kwa sababu hiyohiyo, kuku aliyekufa asilale bandani wala kwenye shimo la taka lililo wazi. Funza wa mzoga mmoja wanatosha kulaza kundi.

Ukitaka protini ya wadudu, funza wa BSF (nzi askari mweusi) wanaofugwa kwa mabaki ya mboga na pumba ni jambo tofauti, lina uzi wake humu.

---

Mdudu255

Mbwa nijibu mimi. Anayeng'ata ncha za masikio si yule nzi wa mezani. Anafanana naye ukimtazama haraka, ila mwangalie karibu: mdomo umechongoka mbele kama sindano, na akitua ukutani hukaa kichwa kikiwa juu. Kitaalamu ni Stomoxys. Dume na jike wote wanakunywa damu, kwa hiyo samaki aliyeoza hamvuti. Utatundika chupa kumi, masikio yatazidi kuvuja.

Wakikuuma nawe miguuni asubuhi na alasiri ukiwa nje, ndio hao.

Kwao mtego mzuri ni wa kitambaa cha buluu na cheusi, na huu una jina letu. Unaitwa Nzi. Ulitengenezwa Kenya na Steve Mihok, na maelezo yake yalichapishwa 2002, kwa ajili ya mbung'o na nzi wengine wang'atao. Mbele una buluu na nyeusi, nyuma neti, juu koni ya neti inayoishia kwenye chupa angavu. Nzi anavutwa na rangi, anaingia ndani, anapanda kuelekea mwangani, anaishia kwenye chupa. Hauhitaji chambo, gundi wala dawa, hivyo kwa ndege na paka ni kama hakuna kitu. Ila buluu iwe ile ya kukolea. Buluu ya mbingu inakamata kidogo sana. Neti ivutwe ikaze, isiwe na mifuko ya kunasa popo. Usimfunge mbwa karibu nao, ataurarua. Uweke mahali pa wazi, majani yafyekwe mita kadhaa kuuzunguka, upande ambao mbwa hushinda.

Masikio: safisha vidonda kwa maji ya chumvi, kausha, paka vaselini nyepesi kwenye ncha asubuhi na jioni, nzi hapati pa kushika. Kabla hujanunua dawa ya kupulizia mbwa, soma kiambato. Permethrini mbwa anaivumilia kwa kipimo chake, lakini kwa paka ni sumu, na paka wako wakilala na mbwa aliyepuliziwa wanaweza kuanza kutetemeka na degedege.

Halafu hao Stomoxys wanazaliana kwenye nyasi na maranda yaliyolowa mkojo na kinyesi, chini ya lundo lenu hapo nyuma. Nzi wa kawaida pia. Kwenye joto hili yai la nzi wa kawaida hadi nzi kamili ni siku 7 hadi 10. Ukizoa samadi kila baada ya wiki mbili umezoa maganda matupu, walishatoka. Zoa kila siku ya tano au ya sita. Rundika pamoja, lowesha kidogo, funika kwa turubai jeusi, kingo zifukiwe udongo. Katikati pakipanda juu ya digrii 45 funza hawaishi, ila wanakimbilia pembeni kwenye baridi, ndiyo sababu ya kugeuza lundo kila wiki. Bandani rekebisha vyombo vya maji vinavyovuja kabla ya chochote. Kinyesi cha kuku kikiwa kikavu, chini ya nusu yake ni maji, nzi hafanikiwi kuzalia humo; kile cha chini ya drinka inayodondosha ndicho kitalu. Kamata konzi moja, bana: ikishikana na kuloanisha kiganja, changanya maranda makavu au itoe.

Na maembe yaliyopasuka yaokotwe kila asubuhi kabla jua halijakolea.

---

ChoziMweusi

Nimkumbushe Mama Vifaranga kitu kinachosahaulika: kama choo chako ni cha shimo chenye bomba la hewa, tayari una mtego wa nzi. Ndani ya choo kukiwa na giza, nzi wa shimoni wanafuata mwanga wa juu ya bomba, wanakutana na wavu, wanafia humo. Wavu uwe wa matundu ya milimita 1.2 hadi 1.5, wa alumini au chuma kisichoshika kutu, maana gesi ya shimo inakula waya wa kawaida. Wavu ukitoboka unapoteza mara mbili, kwa sababu ndege wanaotafuta tundu la kutagia huingia bombani na kushindwa kutoka. Marekani vyoo vya mbugani wamelazimika kufunika mabomba kwa sababu ya bundi. Panda ngazi uangalie wako, ni dakika mbili.

---

MamaVifaranga

Wavu wa nusu inchi hapa dukani hakuna, kuna wa inchi moja na ule laini wa madirisha wa mbu. Nichukue upi?

---

FundiChupa

Wa madirisha haufai, nzi mwenyewe hapiti. Chukua wa inchi moja, kata kipande kirefu mara mbili, sentimita 136, uuzungushe silinda mara mbili na tabaka la pili lisogezwe nusu tundu pembeni na nusu tundu juu. Matundu yanabaki karibu nusu inchi. Funga tabaka mbili kwa waya kila sentimita 10, zisipofungwa zinaachana na katikati panatokea mwanya ambao kichwa cha tongo kinaingia na hakitoki. Ukimaliza, pitisha kidole cha shahada kila upande. Kikiingia hadi kiungo cha pili mahali popote, ongeza waya hapo kabla ya kutundika.